Skuta Iliyozimika Kwenye Kona ya Mikaratusi

Kuwaka ilikuwa inawaka. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Ingekuwa imekufa kabisa ningeiacha kando ya zizi kuku wailalie, nijue moja. Lakini kila asubuhi, kwenye baridi ya Kibirichia ambayo unavaa koti mbili na meno bado yanagongana, nilikuwa napiga kiki mara moja au mbili na inaitika. Inatoa moshi wake wa buluu, inatulia, inanguruma polepole kama paka aliyeshiba. Nafunga mitungi ya maziwa, mmoja nyuma na mmoja mbele pale pa kuwekea miguu, natoka. Napita kanisa, napita kinu cha posho, na nikifika kwenye kona ya mikaratusi inakohoa, inavuta kidogo, inakohoa tena, inazima.

Nitasema kwanza nilifikaje kwenye skuta, mimi niliyezaliwa kuchimba viazi. Shule niliacha nikiwa mdogo, kwa hivyo naandika vile ninavyokumbuka, na walioniharibia nitawataja. Majina siandiki, maana jina linaleta kesi. Nitawataja kwa kazi zao. Wenyewe wakisoma watajijua.

Wa kwanza ni msimamizi wa shamba la ngano kule Timau. Nilikuwa kibarua wake. Siku moja ya mavuno tulimwambia trela ya trekta haina breki na ule mteremko ni mbaya. Akasema, "Kwani nyinyi ni mayai? Pandeni." Tulipanda. Trela ilisukuma trekta, vyote vikaenda chini pamoja, na wenzangu wawili walikufa pale kwenye mabua. Mimi nilitoka na goti la kushoto ambalo mpaka leo halikunjiki. Msimamizi alipoulizwa alisema tulipanda wenyewe, yeye hakuwepo. Alikuwepo. Alikuwa amevaa kofia ya manyoya na anakula mahindi ya kuchoma.

Wa pili ni ndugu yangu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Kwetu mpaka wa shamba huwekwa kwa maua, yale yenye kiazi chini ambayo hata ukiyafyeka yanarudi. Hakuna mtu anayethubutu kuyagusa, ni kama kugusa kaburi. Mimi nikiwa hospitali na mguu umening'inizwa, ndugu yangu aliyagusa. Nilirudi na magongo nikakuta maua yametembea, yamekula shamba la chini lote mpaka karibu na mto. Alipoulizwa na wazee alisema yalikuwa hapo tangu baba. Wazee wakaangaliana. Mmoja wao alikuwa amenyweshwa pombe kwake juzi yake, huyo naye anajijua.

Basi nikabaki na mguu mmoja na nusu, kipande cha juu chenye mawe, na mke. Watu wa kanisa walifanya harambee, na mwalimu mmoja aliyestaafu akaniuzia skuta yake ya magurudumu madogo. Wengi walicheka, wakasema ni pikipiki ya masista. Lakini pikipiki ya kawaida inataka mguu wa kushoto ubadilishe gia, na mguu wangu wa kushoto ni nguzo tu, unashikilia mwili usianguke. Skuta gia zake ziko mkononi. Breki ni mguu wa kulia. Nilipoipanda mara ya kwanza na kuzunguka uwanja wa kanisa, nilijisikia mtu.

Kazi ikapatikana. Majirani, wengi wao akina mama, walikuwa na kikundi cha maziwa. Kila mmoja analeta yake kwenye lango letu alfajiri, yanamiminwa kwenye mitungi, na anatakiwa mtu wa kuyapeleka mpaka kwenye lami, ambapo lori la maziwa linapita. Lori halingoji mtu. Dereva wake hupiga honi mara moja, karani anapokea, wanaenda. Aliyekawia anarudi na maziwa yake anakunywa mwenyewe. Kazi hiyo ya kupeleka wakanipa mimi, na ndiyo pekee duniani ambayo mtu wa goti langu angeweza. Jembe siwezi. Kubeba siwezi. Kulinda, nani atamwogopa mlinzi wa kuchechemea?

Shida ya kwanza ilikuwa harufu. Tangi la skuta liko chini ya kiti, na katikati ya kifuniko chake kuna tundu dogo kama la sindano. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na kila shimo petroli ilikuwa inaruka kupitia kwenye hilo tundu, inachuruzika nyuma, inafika kwenye mtungi. Karani wa maziwa ni mtu mwenye pua. Hata kabla ya kuweka kile kipimo chake hufungua mfuniko na kuingiza uso wote. Siku hiyo aliutoa haraka.

"Mzee wa skuta, ng'ombe yenu inakunywa petroli?"

Watu wote pale kwenye lami walicheka. Mtungi ukakataliwa. Nilirudi nao mpaka langoni, na mwenyekiti wa kikundi, mjane mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, akasimama akitazama maziwa yake yakimiminiwa mbwa. Hakunitukana. Alisema tu, "Sisi tunakamua, wewe unatia kiungo." Afadhali angenitukana.

Niliumwa na jambo hilo nyumbani. Nilimwambia mke wangu kila kitu na kelele juu, kama kawaida yangu, nikisema nitatafuta kifuniko kingine hata Meru mjini. Lakini wiki hiyohiyo harufu ikaisha. Grader ilikuwa imepita ikasawazisha barabara, nikajua ni hiyo. Nikashukuru serikali, jambo ambalo sifanyi mara nyingi.

Na hapo ndipo kuzima kukaanza.

Mara ya kwanza pale konani nilifikiri petroli imeisha. Nikashuka, nikainua kiti, nikafungua kifuniko, nikachungulia. Petroli iko. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka, nikaenda, nikakuta lori linapakia mtungi wa mwisho. Kesho yake tena. Nikasema ni plagi. Nikanunua plagi. Ikazima na plagi mpya. Nikasema ni petroli, na hapa namtaja wa tatu, yule muuza petroli ya mitungi karibu na soko, ambaye kila mtu anajua huchanganya na mafuta ya taa. Nilimwendea nikamwambia mbele ya wateja wake. Akaniambia, "Mzee, wengine wanapanda pikipiki, wewe umepanda cherehani, halafu unalaumu mafuta." Nikaanza kununua petroli kwenye lami. Ikazima na petroli ya lami.

Nikaipeleka kwa fundi wa sokoni. Huyo naye namtaja, wa nne. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua kiti na kufungua tangi aone kama nimeweka mafuta, maana alidhani mimi ni mjinga. Akaacha kifuniko juu ya boksi la spana. Akaosha kabureta, akapuliza, akarudisha, akaiwasha. Iliwaka mchana mzima. Yeye anakula githeri, skuta inanguruma. Anatengeneza baiskeli ya mtu mwingine, skuta inanguruma.

"Mzee, hii iko sawa," akasema. "Labda ni wewe hauko sawa."

Akarudisha kifuniko, nikamlipa. Kesho yake, kona ya mikaratusi.

Mtu asiyewahi kupanda chombo kinachozima hajui inavyokaa moyoni. Hulali vizuri. Ukiwa kwenye kiti masikio yako yote yako kwenye mashine, huoni barabara, husalimii watu. Mtu anasema "Muga" na wewe unapita kama kiziwi. Unasikia kikohozi ambacho hakijakoholewa. Nikipita kinu cha posho na kuona vile vigogo vyeupe vya mikaratusi kwenye ukungu, mkono unaanza kupunguza moto wenyewe kabla mashine haijasema lolote. Na goti. Kila kiki ni lazima niegemee kiti na uzito wote uende kwenye goti bovu, na wakati mwingine ilikuwa inakataa kwanza, mpaka itulie kidogo. Nikikaa chini kando ya barabara kwa hasira, baada ya muda inawaka. Nikaanza kuamini inataka nione haya ndiyo ipone.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wakasema mahali ni palepale kila siku, basi kuna kitu kimezikwa hapo. Na ni nani anayenichukia kama si ndugu yangu? Nilikwenda na fimbo nikapekua nyasi zote za kona hiyo. Akina mama waliokuwa wakienda kuteka maji walinipita kimya. Nikapata mfupa wa mbuzi na kiatu kimoja cha mtoto. Mfupa nikautupa mbali sana.

Halafu nikajaribu kupita njia ya chini, ya kuzunguka mashamba ya viazi. Ikazima karibu na josho, mahali ambapo sijawahi kugombana na mtu. Mwenye akili angesimama hapo afikiri. Mimi nilisema uchawi umejua kutembea kama maua ya ndugu yangu.

Ndugu yangu hakuwa amekaa bure. Alikuwa na mkokoteni wa punda. Sasa kila asubuhi, maziwa yakimiminwa langoni kwetu, yeye alikuwa anapita na mkokoteni mtupu, polepole, anawasalimia akina mama mmoja mmoja.

"Mwana wa baba," aliniambia siku moja, "punda wangu haulizi plagi."

Akina mama wakacheka, na siwalaumu, ilikuwa ya kuchekesha. Lakini kicheko hicho nilikijua kinakwenda wapi. Maziwa yalikuwa yamekawia mara mbili, na yakikawia yanaganda, na mtu ambaye maziwa yake ndiyo karo ya mtoto hawezi kuishi na huruma. Mwenyekiti aliniita kando, akaniambia kwa upole.

"Baba, kesho ukilikosa lori, keshokutwa ni punda. Usiniweke mahali pabaya na hawa wamama."

"Na mimi?" nikamwuliza.

Akaangalia mguu wangu, kisha akaangalia pengine. "Wewe ni wetu," akasema. Hilo si jibu.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa ile nyembamba isiyoanguka, inayokaa tu hewani na kukulowesha. Koti langu lilikuwa limekatika kifungo, mke wangu akalishika mbele kwa pini yake, ile ya kufungia nepi za watoto. Alinifunga kama anayenipeleka shule. Kisha akanitazama machoni. Skuta ikawaka kiki ya kwanza, kama kunicheka.

Kanisa. Kinu cha posho. Nikaongeza moto, nikafikiri nikiipita kona kwa kasi labda haitajua. Ilijua. Ikakohoa katikati ya kona, ikanivuta mbele na nyuma, ikanyamaza, tukateleza mpaka kwenye majani na maziwa yakagonga mifuniko.

Nikapiga kiki. Nikapiga tena. Goti likatoa sauti. Ndipo nikasikia kwato nyuma yangu. Ndugu yangu alikuwa ananifuata, mkokoteni mtupu, amejifunika gunia kichwani. Akasimamisha punda karibu nami.

"Muga, mwana wa baba. Nikubebee?"

"Pita."

"Maziwa si yako, ni ya akina mama. Mimi nawaonea huruma wao."

"Huruma hiyo ilikuwa wapi wakati wa kung'oa maua?"

"Umeanza." Akashusha gunia mabegani. "Angalia mafuta kwanza, pengine umesahau kuweka. Mtu mwenye mawazo husahau."

Hapo ndipo nilikasirika. Nikainua kiti kwa nguvu mpaka mtungi wa nyuma ukayumba, nikashika kifuniko nikakizungusha ili aone petroli kwa macho yake. Na kwa sababu skuta ilikuwa imenyamaza, na punda amesimama, na ukungu umezima kila kitu kingine, tulisikia wote wawili. Kifuniko kilipolegea, tangi lilivuta hewa. Fyuuu. Kama mtu aliyeshikiliwa ndani ya maji akaachiliwa.

Tukatazamana. Nadhani tangu baba azikwe hatukuwa tumetazamana namna hiyo.

"Imepumua," ndugu yangu akasema.

Nilikuwa nakumbuka. Fundi aliacha kifuniko kwenye boksi, ikanguruma mchana mzima. Mimi mwenyewe, kila ikizima, naifungua nichungulie, halafu inawaka. Nikikasirika nisifungue, inakataa mpaka nikae kando nusu ya asubuhi. Petroli ikishuka kwenda kwenye kabureta lazima hewa iingie mahali pake, na hewa ilikuwa imekatazwa mlango. Hata mtungi wa maziwa uliofungwa sana ukiuinamisha haumwagi vizuri, unagugumia. Nilikuwa namimina maziwa kila siku ya maisha yangu na sikuwa nimefikiri hivyo.

Nikageuza kifuniko. Lile tundu dogo la katikati silioni. Nikapitisha kidole gumba kilicholowa mvua, kikateleza. Nikanusa. Ilikuwa sabuni. Sabuni ya kipande, ile ya kuoshea mitungi yetu, imesuguliwa kwenye tundu mpaka likajaa, ikakauka, ikawa rangi ya uchafu.

Kila mtu wa huku anajua kuziba tangi linalovuja kwa sabuni. Dereva wa lori anafanya, mwenye jiko la mafuta ya taa anafanya. Petroli haiyeyushi sabuni. Lakini duniani kote ni mtu mmoja tu aliyekuwa anashika sabuni karibu na skuta yangu kila siku, na hakuwa ndugu yangu, hakuwa fundi, hakuwa muuza petroli. Alikuwa ameniambia asubuhi hiyo, kwa macho tu, niende salama.

"Ni nini?" ndugu yangu akauliza, anainama kutoka kwenye mkokoteni.

"Uchafu."

Nikachomoa pini kwenye koti, koti likafunguka baridi ikaingia mpaka kifuani. Nikachoma katikati ya sabuni polepole, mpaka ncha ikatokea upande wa pili. Tundu jembamba kuliko lile la zamani, la kupitisha hewa bila kurusha petroli. Nikafunga, nikashusha kiti, nikaegemea, nikapiga kiki moja. Ikaitika.

Njia iliyobaki sikuiamini. Kila mti niliona ndio utakaonizimia. Nilikuwa nahesabu vilima mdomoni kama mtu anayesema tasbihi, koti linapepea, machozi ya baridi yananitoka. Haikuzima. Nikatokea kwenye lami dereva akiwa amekwisha panda na mkono uko kwenye honi. Karani akaruka chini kwa uvivu, akafungua mfuniko, akaingiza uso wake mrefu. Alikaa humo muda mrefu kuliko siku zote, mwenye chuki yule. Akautoa.

"Leo ng'ombe imekunywa maji," akasema. Akapokea.

Kazi ilibaki kwangu. Mwenyekiti hakunipongeza, aliitikia kwa kichwa tu na kuendelea kumimina, nami nilitosheka. Ndugu yangu alirudi sokoni akawaambia watu kwamba ni yeye aliyeniambia niangalie tangi, kwamba bila yeye ningekuwa bado nimekaa kwenye nyasi. Mpaka leo anasema hivyo kwenye matanga. Nami nasema hivi: kuhusu skuta, hakuwa na kosa. Shamba la chini ni yeye.

Mchana huo nilimkuta mke wangu anasugua mitungi, mikono myekundu kwa maji ya baridi.

"Leo haikuzima?"

"Haikuzima."

"Na karani?"

"Amenusa mpaka masikio yakaingia. Amepokea."

Akatabasamu akiwa ameinama, akidhani simwoni. "Harufu iliisha zamani," akasema. "Tangu niliposugua sabuni pale kwenye kifuniko. Kwetu Kanyakine baba alikuwa anaziba hivyo tangi la mashine ya kahawa likipasuka. Sikukuambia kwa sababu ungesema nagusa vitu vyako."

Ningesema. Ni kweli kabisa ningesema. Nilikaa kwenye jiwe la kufulia nikanyoosha mguu. Nilikuwa na maneno yote tayari, nilikuwa nimeyapanga kuanzia kwenye lami mpaka nyumbani, maana mimi mtu akiniharibia namwambia. Nikamtazama anavyozungusha sabuni ile kwenye mdomo wa mtungi, taratibu, aone hakuna mahali pamebaki. Huyu ndiye aliyesikia kelele zangu za harufu, akanyamaza, akaenda akafanya kitu.

"Ulifanya vizuri," nikasema.

Akainua kichwa, akanitazama kama amesikia mtu mwingine. Halafu akaufuta mkono, akaenda kwenye skuta, akainua kiti.

"Wacha niongeze," akasema. "Naona imeanza kutoboka."

Nikamwacha aongeze. Kuanzia hapo, miaka yote ya skuta ile, kila Jumamosi akiosha mitungi aliziba lile tundu upya, na kila Jumapili nikifika kwenye mikaratusi nilisimama, nikachomoa pini, nikalitoboa. Skuta haikuzima tena. Pini zikawa zinapotea, nyingine zinaanguka majanini, nyingine zinapinda.

"Pini zangu zinaisha," aliniambia siku moja. "Humu ndani nani anazichukua?"

Nikamwambia amwulize ndugu yangu.